RT-qPCR, RNA-seq au hadubini: uchague ipi ukitaka kujua bakteria wanaokula chuma wanawasha jeni gani

Swali hili linaulizwa sana na majibu mengi ni ya kusifia mashine tu, eti RNA-seq (kusoma RNA zote za seli kwa mpigo) ndo ya kisasa na qPCR (hapa RT-qPCR: RNA inageuzwa kuwa DNA, halafu jeni chache ulizochagua zinazidishwa na kupimwa) imepitwa na wakati, basi imeisha hiyo. Mimi naona mashine ndo kitu cha mwisho kuamua. Kwa utando wa bakteria (lile tabaka la seli na gundi yao) uliojishika juu ya chuma kuna mambo mawili yanatangulia: RNA, yaani nakala ambazo jeni iliyowaka inazitoa, utaitoaje pale juu ya chuma ikiwa bado nzima, na utalinganisha na nini. Ukikosea hapo utapata grafu nzuri sana zisizokuambia chochote. Kwa hiyo njia hizi nazilinganisha kwa macho hayo.

Tuelewane kwanza jeni zenyewe, maana uchaguzi wote unategemea unaenda kutafuta nini. Huko nyuma mwaka 1934 von Wolzogen Kühr na van der Vlugt walitoa wazo kwamba bakteria wanaotumia salfeti wanakula haidrojeni inayojitengeneza juu ya chuma kisicho na oksijeni, na kwa kuila wanakifanya chuma kiendelee kuliwa. Watu wamebishana juu ya hilo mpaka leo. Wengine wanasema haidrojeni ni jambo dogo, kinachokula chuma ni salfaidi wanayoitoa. Halafu 2004 zikatangazwa aina mbili zilizokuzwa kwa kupewa chuma chenyewe kama chakula, moja ndo hii inayoitwa sasa Desulfovibrio ferrophilus IS5, ambazo zilikula chuma haraka kuliko kile ambacho haidrojeni peke yake ingeweza kueleza, hivyo ikaingia hoja ya tatu kwamba wapo wanaonyonya elektroni moja kwa moja kwenye chuma. Kila hoja ina jeni zake. Ya haidrojeni inakupeleka kwenye haidrojinezi (vimeng'enya vya kushughulikia haidrojeni), ya salfaidi kwenye dsrAB (jeni za kimeng'enya kinachotoa salfaidi) na wenzake, ya elektroni kwenye saitokromu (protini za kupitisha elektroni) zinazokaa kwenye ngozi ya nje ya seli.

Na hapa niseme kitu ambacho naona kinapitwa sana: dsrAB kuwaka siyo ushahidi wa chuma kuliwa. Hawa bakteria wanapumua kwa salfeti, hiyo jeni inawaka ilimradi wako hai na wanapumua, wawe juu ya chuma au juu ya kioo au wanaelea tu kwenye maji. Ukiipima utajua wako kazini, hutajua wanakifanya nini chuma.

Kutoa RNA kwenye chuma

Hili linazihusu njia zote zinazotumia RNA kwa hiyo nalimaliza hapa. mRNA ya bakteria, ile RNA inayobeba ujumbe wa jeni, inaishi dakika chache tu. Ukiitoa kuponi (kile kipande cha chuma cha majaribio) kwenye chupa isiyo na oksijeni, ukaisuuza taratibu kwenye benchi, ukatafuta wembe, ukakwangua, tayari dakika kumi zimepita na bakteria wameshavuta oksijeni na kubadilisha kila kitu. Ukiona kwenye matokeo yako jeni za kujikinga na oksijeni, kama rubrerithrini, ndo zimepanda kuliko zote, kabla hujafurahi jiulize kama hukupima safari ya kuponi kutoka kwenye chupa mpaka kwenye tyubu. Suuza ndani ya chemba isiyo na oksijeni, kwa bafa isiyo na oksijeni, sekunde chache tu, halafu moja kwa moja kwenye dawa ya kuvunja seli yenye fenoli au kwenye nitrojeni ya maji. Kukwangua kufanyike ukiwa ndani ya hiyo dawa, siyo kabla.

Halafu kuna ule weusi. Unachokwangua kwenye chuma cha kaboni kilichokaa na hawa bakteria ni tope jeusi la salfaidi ya chuma, seli zimejificha humo. Tope hilo linashika RNA, na ayoni za chuma zikibaki kwenye sampuli zinaikatakata RNA na pia zinakizuia kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA kisifanye kazi. Kemikali ya EDTA inasaidia kuzikamata hizo ayoni, lakini ukiizidisha itakamata na magnesiamu ambayo kimeng'enya chenyewe kinaihitaji, kwa hiyo iweke mwanzoni na uioshe vizuri baadaye. Stenlesi ni rahisi zaidi upande huu kwa sababu tope ni kidogo, ila na utando wenyewe mara nyingi unakuwa mwembamba.

Wingi nao ni tatizo. Piga hesabu ya haraka: kuponi ina seli milioni 10, seli inayokua polepole ina RNA kama femtogramu 10 hadi 20, jumla ni nanogramu 100 hadi 200 kabla hujapoteza chochote njiani, na utapoteza, pengine zaidi ya nusu. Kwa hiyo kabla hujachagua njia ujue una kuponi ngapi na kubwa kiasi gani. Kuunganisha kuponi tatu kwenye tyubu moja inaruhusiwa, ila hiyo inahesabika kuwa rudio moja, siyo matatu.

RT-qPCR

Inafaa kama tayari unazijua jeni unazozitaka na siyo nyingi, tuseme tano mpaka kumi na tano. Inahitaji RNA kidogo, inajibu siku hiyohiyo, na inakuruhusu kupima nyakati nyingi, siku ya kwanza, ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, kitu ambacho kwa RNA-seq kinakula bajeti yote. Na kwa utando unaokula chuma nyakati nyingi ni jambo la maana sana, kwa sababu siku za mwanzo bakteria wanajishika na baadaye wanakula, jeni siyo zilezile.

Udhaifu wake mkubwa ni jeni rejea, ile unayodhani haibadiliki na unagawanya nyingine kwayo. Wengi wanatumia 16S (RNA ya ribosomu) kwa mazoea na kwa utando hii ni hatari, ziko nyingi mno kuliko mRNA na wingi wake unashuka seli zinapopunguza kasi ya kukua, na seli za ndani ya utando ndo hizo zilizopunguza kasi. Ukigawanya kwa 16S iliyoshuka, kila jeni itaonekana imepanda. Chagua rejea mbili au tatu kama rpoB, gyrB, recA, halafu zijaribu kwenye hali zako zote kabla ya kuziamini, usizichukue tu kwa sababu zilifanya kazi kwa mtu mwingine kwenye kimiminika. Mwongozo wa MIQE wa 2009, wa jinsi ya kuripoti qPCR, unadai jambo hilohilo na bado makala kibao zinatoka na rejea moja isiyojaribiwa.

Jaribio moja dogo lisirukwe, la kuzimua. Chukua cDNA yako (DNA uliyoipata kwa kugeuza RNA), zimua mara kumi, pima tena. Kama sampuli ni safi, namba ya mizunguko ya kuzidisha mpaka ionekane inapanda kama 3.3. Ikipanda 2 tu, au ikashuka kabisa, basi kwenye ile ya mwanzo kulikuwa na kizuizi, chuma karibu kila mara, na kila ulichopima hapo kilionekana kidogo kuliko kilivyo. Hatari yake ni kwamba sampuli za kulinganishia, zile za kwenye kioo au za wanaoelea, hazina chuma, kwa hiyo kizuizi kinaangukia upande mmoja tu na unapata tofauti ambayo haikuwepo. Kama sampuli zako zinang'ang'ania na uchafu, PCR ya matone inavumilia vizuizi vizuri zaidi na hutegemei mkunjo wa viwango (grafu ya sampuli zenye kiasi kinachojulikana), ila kile kimeng'enya cha hatua ya kwanza bado kinaweza kukwama kwa hiyo siyo dawa ya kila kitu. Na usisahau kontroli isiyo na kimeng'enya hicho, utando una DNA nyingi nje ya seli na ndiyo sehemu ya gundi yake, ikibaki itakudanganya.

RNA-seq

Hii ni ya yule ambaye hajui ni jeni gani, na kwa kweli kwenye eneo hili wengi wetu hatujui. Desulfovibrio vulgaris Hildenborough, ambaye jenomu yake ilitoka 2004, ana jeni kama 3,500 na sehemu kubwa haieleweki inafanya nini. Kwa qPCR utauliza zile unazozijua tu na utajibiwa zile unazozijua tu. RNA-seq inaweza kukuonyesha kwamba kilichopanda ni mfumo wa kutoa protini nje ya seli au pampu ya metali fulani ambayo hukuifikiria kabisa.

Bei ya hiyo faida iko kwenye rRNA, RNA ya ribosomu kama ile 16S. Zaidi ya asilimia 80 ya RNA ya bakteria ni rRNA, na mRNA ya bakteria haina ule mkia mrefu wa A ambao kwa seli za wanyama unatumika kuivua, kwa hiyo lazima uiondoe rRNA kwa vipande vilivyotengenezwa kuishika. Vipande hivyo kwenye vifaa vingi vya dukani vimelenga bakteria maarufu, kwa hawa wa salfeti vinaweza kushika vibaya. Hesabu inaeleweka: kwa aina moja ya bakteria visomo milioni 5 hadi 10 visivyo vya rRNA vinatosha kwa kazi nyingi. Sampuli ikibaki nusu rRNA, ili upate milioni 5 unasoma milioni 10. Ikibaki asilimia 95, unasoma milioni 100 kupata kilekile. Omba maabara inayokusomea isome kidogo kwanza sampuli moja au mbili mwone asilimia imebaki ngapi kabla ya kulipia zote, wengi wanakubali.

Marudio matatu ndo chini kabisa, na kwa utando kwenye chuma mimi ningeenda nne au tano kwa sababu kuponi mbili za chupa moja zinaweza kutofautiana vibaya, moja ina mashimo na nyingine haina. Na jeni 3,500 ukizipima zote kwa kigezo cha 0.05 bila marekebisho utapata kama 175 zilizopanda au kushuka kwa bahati tu, hivyo tumia programu kama DESeq2 au edgeR na uangalie thamani iliyorekebishwa. Kitu kingine, RNA-seq inakupa mgawanyo, siyo kiasi. Seli ikipunguza RNA yake yote mara tano, RNA-seq haitakuambia, itakuonyesha tu jinsi kilichobaki kinavyogawanyika. Kama hilo linakuhusu weka RNA ya kupandikiza yenye kiasi unachokijua mwanzoni kabisa, wakati wa kuvunja seli.

Maikroarei (vioo vyenye vipande vya jeni zinazojulikana vya kunasa nakala za RNA) sizijadili sana. Kazi nyingi za mwanzo zilifanywa nazo, mfano ule ulinganisho wa D. vulgaris anayeelea na yule wa utando uliokomaa juu ya chuma wa mwaka 2007, na data zile bado ni nzuri kusoma, ila kuanza nazo leo sioni sababu.

Unalinganisha na nini, na hapa ndo penyewe

Tuseme umechagua RNA-seq. Unachukua utando kwenye chuma, unaulinganisha na bakteria wanaoelea kwenye chupa iliyojaa laktati, chakula chao cha kikaboni. Unapata jeni 600 zimebadilika. Swali: zimebadilika kwa sababu ya chuma, au kwa sababu wamejishika mahali, au kwa sababu kwenye utando chakula hakifiki, au kwa sababu umri wa seli ni tofauti? Huwezi kujua, umebadilisha vitu vinne kwa mpigo. Na siyo jambo la kinadharia, kwa D. ferrophilus IS5 ilionyeshwa 2018 kwamba saitokromu za ngozi ya nje ya seli zinapanda pale chakula cha kikaboni kinapopungua. Yaani njaa peke yake inatosha kuwasha jeni ambazo ungezitangaza kuwa za kula chuma.

Kwa hiyo weka kioo. Kioo na chuma, kila kimoja na laktati ya kutosha na laktati iliyobanwa, makundi manne. Kinachowaka sawasawa kwenye chuma na kioo siyo cha chuma, ni mambo ya utando au mengine. Kinachopanda penye njaa bila kujali uso ni njaa. Kinachopanda kwenye chuma tu, hicho sasa kaa nacho. Hata hapo kuna mwanya, chuma kinatoa ayoni kwenye maji na kioo hakitoi, sasa jeni za kushughulikia madini ya chuma zitatofautiana bila hata seli kugusa elektroni moja, kwa hiyo kama unaweza ongeza kundi la kioo lenye ayoni za chuma kwenye maji kwa kiwango kilekile. Makundi matano kwa marudio manne ni sampuli ishirini. Kwa qPCR ni kazi ya kawaida. Kwa RNA-seq unaanza kuhesabu pesa.

Ndiyo maana nasema, kati ya RNA-seq yenye makundi mawili tu na qPCR ya jeni kumi yenye makundi matano, kama hoja yako ni ipi kati ya zile tatu inafanya kazi, mimi nachukua qPCR bila kusita.

Za kuona kwa macho

RNA iliyokwanguliwa ni wastani wa utando wote, wa juu, wa kati, na wale waliogusa chuma ambao kwa hoja ya elektroni ndo pekee wenye maana. Kama ni asilimia tano ya seli zinazogusa, jeni iliyopanda mara kumi kwao inaonekana kwenye wastani kama mara 1.45, utaitupa. Hapo ndo hadubini inaingia.

Njia maarufu ni kuunganisha jeni na GFP, protini inayong'aa kijani, ili seli ing'ae, na kwa Pseudomonas au Shewanella penye oksijeni inafaa sana. Kwa bakteria wa salfeti sahau, GFP inahitaji oksijeni ili ing'ae, na lusiferezi ya bakteria (kimeng'enya kinachotoa mwanga) vilevile. Zipo protini za kung'aa zinazotumia flavini zisizohitaji oksijeni, mwanga wake hafifu lakini zinafanya kazi. Pia GFP ya kawaida haiharibiki haraka, ukiona inang'aa inaweza kuwa jeni iliwaka jana, tumia zile zenye mkia wa kuziharibu mapema.

FISH ya mRNA, yaani kuitafuta mRNA ndani ya seli kwa vipande vya DNA vinavyong'aa, haihitaji kubadilisha bakteria wala oksijeni, unagandisha halafu unapaka vipande vinavyong'aa. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwa Pseudomonas aeruginosa njia ya kuona jeni zaidi ya mia ndani ya seli mojamoja kwenye utando, inapendeza mno, lakini ule utando haukuwa umezama kwenye salfaidi ya chuma. Tope jeusi linazuia mwanga na kutu yenyewe inaweza kung'aa kivyake. Kwenye stenlesi jaribu. Kwenye chuma cha kaboni cha wiki tatu, mimi ningehifadhi hela.

Sampuli za bombani

Ukitoka kwenye maabara ukaenda kwenye utando halisi uliokwanguliwa ndani ya bomba, una aina mamia. Metatranskriptomiki, kusoma RNA ya aina zote kwa pamoja, inawezekana ila aina yenye asilimia moja inahitaji usome mara mia zaidi, na jeni ikipanda hujui kama imewaka zaidi au wenye jeni hiyo wameongezeka, mpaka usome na DNA ya sampuli ileile ugawanye. Pia sampuli ya bombani inafika maabara imechelewa, mRNA ilishabadilika zamani.

Hapo wakati mwingine DNA peke yake inakupa jibu bora. Mfano mzuri siyo bakteria bali arkea (viumbe vya seli moja vinavyofanana na bakteria lakini vya ukoo mwingine), Methanococcus maripaludis OS7, ana haidrojinezi ya pekee anayoitoa nje ya seli, iko kwenye kipande cha jenomu ambacho ndugu zake wasiokula chuma hawana. Kuwepo kwa jeni hiyo tu, kwa qPCR ya kawaida ya DNA, kumehusishwa na ulikaji mkali kwenye maji ya visima vya mafuta. Huhitaji RNA kabisa, na DNA inavumilia safari.

Protiomiki, kupima protini zenyewe, naitaja haraka: mRNA na protini haviendi sambamba kila mara hasa kwa seli zinazokua polepole, na saitokromu zinadumu, kwa hiyo kama hoja yako ni saitokromu pima na protini. Na kama una mdudu anayekubali kufutwa jeni, kufuta kunashinda vipimo vyote hivi. Kwa Geobacter sulfurreducens 2019 walianza na aina isiyoweza kutumia haidrojeni, ikaendelea kula chuma, wakafuta saitokromu za nje na ulaji ukapungua. Hakuna RNA-seq inayoweza kukupa hilo.

Ningepanga hivi

Kama ndo unaanza na mdudu mmoja: RNA-seq ndogo, chuma dhidi ya kioo tu, chakula kilekile, umri uleule, marudio manne. Toa orodha fupi ya jeni. Halafu qPCR ya jeni hizo kwenye makundi yote matano na nyakati zote, kwa kuponi mpya, siyo RNA ileile uliyotuma kusomwa, maana kuipima tena ileile kunathibitisha mashine tu. Hadubini au kufuta jeni vije kwa jeni moja au mbili zilizosalia.

Na kuponi za RNA usizihesabu kwenye kupima uzito. Kupima chuma kilicholiwa kunataka uoshe kutu kwa asidi, na hiyo asidi inamaliza utando wote, kwa hiyo kila kundi liwe na kuponi zake za RNA, zake za uzito na kina cha mashimo, na zile zisizo na bakteria kabisa zilizokaa kwenye maji yaleyale kwa siku zilezile. Hizi za mwisho ndo watu wanazikata bajeti ikibana. Kata nyakati, kata jeni, hizo ziache.